Fukusi wa Mahindi ya Shukrani

Sitaficha: nilimpenda Patroba Osundwa kwa sababu ya fukusi. Wenzangu wakiulizwa jinsi walivyopendana na wachumba wao hukumbuka kadi ya maua au barua iliyonukia marashi. Mimi namkumbuka mwalimu wa fizikia ameinamia chupa tupu ya jamu katika maabara yetu, anahesabu wadudu waliokufa kwa ncha ya penseli, na shati lake jeupe limejaa chaki mabegani. Aliinua macho akaniuliza, "Wewe umepata wangapi, Jescah?" Nami, mwalimu wa biolojia mwenye digrii yangu, nilikuwa nimesahau kuhesabu.

Huo ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa tisini na sita. Tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya wasichana kando ya barabara ya kutoka Kakamega kwenda Shinyalu, shule iliyodhaminiwa na kanisa. Mchungaji wa kanisa hilo, ambaye pia aliketi katika bodi ya shule, alikuwa baba yake Patroba. Mimi katika furaha yangu nililisahau jambo hilo, nalo ndilo lililokuja kuniponza.

Kidato cha nne kilikuwa kimefikia mada ya mageuzi ya viumbe. Mada hiyo imo kwenye silabasi na huulizwa katika mtihani wa taifa, sikuitunga mimi. Walimu wengi niliowajua waliisoma kurasa mbili kwa sauti, wasichana wakanakili, kisha wakaambiwa wakariri, wajibu mtihani, halafu wasahau wasije wakapotoka. Nilijiapia kwamba mimi sitafundisha hivyo. Lakini Namalwa, msichana wa Lugari mwenye kichwa chepesi, alinyoosha mkono akauliza, "Madam, si hii ni nadharia tu? Mtu tu alikaa akafikiria?" Wakati wa chai ya saa nne nilimpelekea Patroba swali lile.

Hakucheka. Aliweka kikombe mezani akanieleza kwamba watu huchanganya nadharia na kisio. Kisio ni la mtu yeyote, hata mlevi anaweza kukisia. Nadharia ni maelezo yaliyokwisha kujaribiwa mara nyingi yakasimama, na ambayo yako tayari kujaribiwa tena kesho.

"Nadharia inatangulia kusema kitakachotokea," aliniambia, "na inakubali kuaibika kisipotokea. Kama hakuna kitu chochote duniani kinachoweza kuiaibisha, basi hiyo si sayansi. Inaweza kuwa kitu kizuri, hata kitu kitakatifu, lakini si sayansi."

Mwanamume anayekwambia hivyo huku akikukatia nusu ya andazi lake utamfanya nini?

Basi tukatunga jaribio, mimi na yeye. Kule Lugari watu hulima mahindi katika mashamba makubwa yaliyoachwa na wazungu, na kwa miaka mingi wamekuwa wakinyunyizia mahindi yao dawa ya unga ghalani. Hapa Shinyalu nilimjua nyanya mmoja anayechanganya mahindi yake na jivu. Dawa ya dukani hajawahi kuigusa. Kama mageuzi yanasema kweli, basi fukusi wanyonge wa Lugari walikwisha kufa zamani, na waliopo sasa ni wana wa wale walioivumilia dawa. Tukiwapa fukusi wa pande zote mbili dawa ileile kwa kipimo kilekile, wa Lugari wengi watapona na wa Shinyalu watakufa. Patroba aliuandika utabiri huo kwa mkono wake, tukatia sahihi sote wawili, akaufunga katika bahasha mbele ya wasichana arobaini. Yeye ndiye aliyesisitiza pia chupa ziandikwe namba tu, ili anayehesabu asijue anahesabu fukusi wa wapi, asije akajidanganya.

Fukusi wa Shinyalu nilipewa na nyanya mwenyewe, akinicheka. Wale wa Lugari walitoka katika ghala la kanisa. Kila Januari waumini wa Lugari huleta magunia ya shukrani ya mavuno, mchungaji huyaombea madhabahuni, kisha huhifadhiwa ghalani hadi yagawiwe wajane. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwa katibu wa vijana, na katibu wa vijana alikuwa Patroba. Alifungua, akachota gorogoro moja, kopo la kilo mbili, kutoka gunia lililoandikwa jina la Mzee Khisa, akaniletea maabara. Sikumuuliza kama ameomba ruhusa. Machoni mwetu yalikuwa mahindi yenye wadudu. Hatukufikiri kwamba kwa aliyeyatoa yalikwisha kuwa mali ya Mungu.

Siku ya nne, katika chupa za Shinyalu hapakuwa na mdudu anayetambaa. Katika zile za Lugari zaidi ya nusu walikuwa wakitembea zao bila wasiwasi. Patroba alifungua bahasha akasoma, wasichana wakapiga makofi, naye akanitazama juu ya vichwa vyao kwa namna ambayo nilikosa pa kuweka mikono yangu.

Baada ya hapo kila Jumamosi tulikuwa tukienda kutembea kando ya msitu wa Kakamega, mbega wakiruka juu yetu, mimi nikijifanya nawatazama. Huko ndiko alikoniambia ananipenda. Huko ndiko nami nilikomwambia jambo ambalo hata mama yangu halijui: kwamba tangu baba yangu afariki, miaka miwili sasa, nilikuwa siwezi kuomba. Napiga magoti, nafungua kinywa, na hakuna neno linalotoka. Nilikuwa na hofu kwamba atanikimbia. Alinishika mkono akasema, "Hilo litabaki hapa, Awinja." Awinja ni jina langu la nyumbani. Alikuwa akiniita hivyo tukiwa peke yetu tu.

Arusi ikapangwa likizo ya mwezi wa nane. Katika kanisa lao majina ya wachumba husomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara mchungaji huuliza kama kuna mwenye kizuizi. Tangazo la kwanza likasomwa, watu wakageuka kuniangalia, nikaona haya. La pili nalo likasomwa. Kati ya la pili na la tatu ikafika siku ya wazazi kutembelea shule, na Mzee Khisa akaja kumwona bintiye Namalwa. Yule mtoto, kwa furaha yote, alimfungulia baba yake daftari la biolojia akamwonyesha mchoro aliouchora kwa rangi: *Fukusi wa Khisa, waliopona*. Akamwambia kwamba fukusi wao ndio walioshinda. Mzee akauliza mwalimu alipata wapi mahindi yake.

Malalamiko yake yakamfikia Mchungaji, na mkutano ukaitishwa uwe Ijumaa. Alhamisi jioni Patroba alikuja kwangu kunywa chai katika nyumba za walimu. Alikuwa mtulivu. Aliniambia nisiogope, kwamba ghala alifungua yeye na yeye ndiye atakayesema, na kwamba atakaa kando yangu. Alipotoka nililala usingizi mzito kabisa.

Kesho yake, nilipoingia katika ofisi ya Bi. Cherono, mwalimu mkuu wetu, Patroba alikuwa ameshaketi. Alikuwa kando ya baba yake. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, katikati ya chumba.

Mzee Khisa alianza. Alikuwa amevaa koti la arusi za watu na alishika kofia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana," alisema. "Lakini hiyo mahindi nilitoa na mkono yangu nikapea Mungu. Mwaka hiyo tulivuna kidogo, na bado nikatoa. Sasa nasikia imefanywa ushahidi ya kusema Mungu hayuko. Kama ni wewe ungesikia aje?"

Nilimwomba msamaha, na niliomba kwa moyo wangu wote, maana mzee yule hakuwa na ubaya. Nilimwambia tulikosea kuchukua bila kuuliza. Nikamwambia pia kwamba sijawahi kufundisha kwamba Mungu hayuko, wala chupa ya jamu haiwezi kujua habari hiyo.

Mchungaji Osundwa alinisikiliza hadi mwisho. Ni mtu wa sauti ya chini, na sitamsingizia: hakunitukana hata mara moja.

"Binti yangu," alisema, "hayo mageuzi ni nadharia, sivyo?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Kwa hiyo hayajathibitishwa."

"Nadharia si kitu kinachosubiri kuthibitishwa, Mchungaji. Kwamba magonjwa huletwa na vijidudu, hiyo pia ni nadharia, na tunawachanja watoto kwa kuitegemea. Ni maelezo yaliyojaribiwa yakasimama."

"Na uumbaji? Kwa nini usiwafundishe watoto pande mbili, wachague wenyewe?"

"Uumbaji wanafundishwa katika somo la dini, na sijawahi kuwaambia ni uongo. Lakini sijui nitautia vipi katika chupa. Niambie, Mchungaji, ni kitu gani ukikiona kitakufanya useme uumbaji si kweli?"

Alifikiri. "Hakuna," akasema.

"Basi hiyo ni imani, na mimi sisemi hivyo kwa dharau. Ila si somo langu."

Alitabasamu kidogo, akanirudishia swali langu. "Na wewe je? Kitu gani kingekufanya uyaache mageuzi yako?"

Nilifurahi kuulizwa, mjinga mimi. Nilimwambia kwamba kama fukusi wa Shinyalu wangeivumilia dawa sawa na wale wa Lugari, wazo letu lingeaibika mbele ya darasa zima, na tusingekuwa na pa kujificha, kwa sababu tuliuandika utabiri mapema tukaufunga katika bahasha.

"Mliuandika," alisema Mchungaji. "Ninyi nani?"

Nilimgeukia Patroba nikamngoja ajibu yeye, kwa sababu aliniahidi, na kwa sababu nilitaka kumwona akisema. Nakumbuka hata nilianza kutabasamu.

Patroba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mwalimu Jescah aliniomba mahindi ya somo," alisema. "Sikujua ni somo gani."

"Na bahasha?"

"Sina habari ya bahasha."

Ningeweza kupiga kelele. Wasichana arobaini walimwona akiifungua. Namalwa alikuwa darasani, hatua chache tu kutoka pale, na ningemwita angesema kweli. Lakini baba yake alikuwa ameketi pale na kofia yake mkononi. Ningemleta mtoto aje amkane mwalimu wake mbele ya mzazi wake? Nilimtazama Bi. Cherono, ambaye siku ile ya makofi alisimama mlangoni mwa maabara akacheka pamoja nasi. Alifungua faili lake akaanza kutafuta karatasi ambayo haikuwamo.

Nilidhani Patroba amemaliza. Kumbe bado.

"Baba, wazee, nawaomba mumhurumie," alisema, na safari hii aliinua uso. "Tangu baba yake afariki, hajaweza kuomba. Ameniambia mwenyewe. Nimekuwa nikimwombea. Msimwadhibu sana. Mniachie mimi, nitamrekebisha nyumbani."

Sijui kama uliwahi kuvuliwa nguo mbele ya watu. Mzee Khisa alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Mchungaji alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la fumbo. Baada ya hapo kila kitu kilikwenda haraka. Iliamuliwa kwamba muhula ukiisha nitaandika mimi mwenyewe barua ya kuomba uhamisho, maana ndivyo itakavyoonekana vizuri. Arusi itaendelea. Mchungaji alisema Jumapili atasoma tangazo la tatu kama kawaida, na akaniombea pale pale, mkono wake juu ya kichwa changu. Nilikaa kimya chini ya mkono ule nikisikia jina langu likitajwa kwa Mungu na mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi Patroba alibisha mlango. Alikuwa amebeba kuku hai, miguu imefungwa kwa kamba, zawadi ya mama yake kwa mama yangu, ambaye angefika mchana kutoka Shianda kusikia tangazo la mwisho. Alimlaza kuku sakafuni. Hakuna aliyejua aanzie wapi, hata kuku.

"Umekasirika," alisema.

Nilimwambia kukasirika ni kwa mtu aliyekanyagwa mguu.

"Awinja, nisikilize. Nilikuwa na dakika moja ya kuchagua. Kama ningesema ni mimi nilifungua ghala, na jaribio ni langu pia, Baba hangesoma tangazo kesho. Ingekuwa kazi yako au arusi yetu. Nikachagua arusi. Shule ziko nyingi, ata Mumias watakuchukua mbio. Lakini wewe ni mmoja."

Na hapo, msomaji wangu, nusura anipate. Sauti yake ilikuwa ileile ya kule msituni, na alikuwa hajalala, macho yalikuwa mekundu. Nilikuwa nampenda. Ningetaka kukwambia upendo ulikatika Ijumaa ile saa tano, lakini haukukatika. Ulikuwa umesimama hapo sebuleni unanisihi nikubali maneno yake nimpikie chai.

"Dakika moja," nilisema.

"Dakika moja tu. Na vile Baba alikuwa ameshaniambia jina langu lisiingie katika mambo ya ghala, nikaona..."

"Alikwambia lini?"

Aliinama akamtazama kuku.

"Patroba, baba yako alikwambia lini?"

"Alhamisi," alisema. "Mchana."

Alhamisi jioni alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho alichokikalia sasa. Alikunywa vikombe viwili. Aliniambia atakaa kando yangu.

"Kwa hiyo ulikuja hapa ukijua," nilisema. "Ukaninywesha ahadi ili kesho yake niende nikiwa mtulivu."

"Nilitaka ulale vizuri."

"Nililala vizuri sana."

Alijishika kichwa. Alisema ninajua vile baba yake huwa, kwamba katika nyumba yao hakuna mtu aliyewahi kumpinga mbele ya watu, kwamba mama yake angeugua, kwamba tukishaoana tutakaa mbali na hayo yote. Nilimwacha aseme. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa likinichoma tangu jana.

"Na habari ya kuomba kwangu? Hiyo pia baba yako alikutuma?"

"Hapana." Sauti yake ilishuka. "Hiyo nilitaka tu wakuonee huruma. Nilifikiri itasaidia."

Angesema alitumwa, labda ningelia nikamsamehe. Lakini alikuwa ameitoa mwenyewe, kwa hiari yake, kitu pekee nilichompa ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Niliketi.

"Wewe mwenyewe unaamini nini?" nilimuuliza. "Sisi wawili tu hapa. Ulipoandika ule utabiri."

"Ninaamini vile niliandika," alijibu. "Na ninaamini Mungu ndiye alifanya hivyo ikawezekana. Kwangu hayagombani."

"Ungeyasema hayo jana."

"Ningesema, nani angenisikia?"

"Mimi," nilimwambia. "Mimi nilikuwa nimekaa pale nasikiliza."

Alilia, na alilia kweli. Aliahidi kwamba Jumatatu atakwenda kwa baba yake amweleze yote, ghala, bahasha, kila kitu. Nikamuuliza kwa nini Jumatatu. Alisema kwa sababu kesho ni tangazo la tatu. Alilisema hivyo wazi, bila kuona alichokuwa akisema.

"Sikia," nilimwambia. "Kesho baba yako akimaliza kusoma majina yetu, atauliza kama kuna mtu mwenye neno. Simama useme. Sema ghala ulifungua wewe na utabiri uliandika wewe. Maneno mawili tu. Ukisema, nitaolewa nawe hata kama arusi itakuwa ofisini kwa mkuu wa wilaya na shahidi ni huyo kuku. Usiposimama, nitajua."

"Utajua nini?"

"Nitajua nilikosea."

Alinitazama sana. Alisema atajaribu. Alipofika mlangoni akaniita Awinja mara ya mwisho, nami nikamwomba asiniite hivyo mpaka kesho.

Mama alifika saa nane na kikapu chake cha mihogo, akafurahi kumwona kuku. Alimchinja, akampika, akasonga obusuma, ugali wetu, akaniuliza mara tatu kwa nini sili ingokho, yule kuku wa wakwe zangu. Nilimwambia tumbo. Sikumweleza chochote. Alikuwa amenunua kitambaa kipya cha kichwa, rangi ya zambarau, kwa ajili ya tangazo hilo moja. Alikijaribu mbele ya kioo changu kidogo, akikifunga hivi na hivi, akiimba. Tangu kifo cha baba nilikuwa sijamsikia akiimba.

Usiku wa kuamkia Jumapili nilifanya kama tulivyofanya kwa fukusi. Niliamua mapema nitakachokikubali kuwa jibu, nisije nikapata nafasi ya kujidanganya baadaye. Kumtazama nikaona ana huzuni, hilo halitahesabiwa. Kuniandikia barua ndefu, hilo nalo halitahesabiwa. Kusimama, ndiyo. Nilitabiri kwamba hatasimama, na nilitaka nishindwe. Sijawahi kutaka kushindwa kama nilivyotaka usiku ule.

Kanisa lilijaa. Wanawake tulikaa kushoto, wanaume kulia, na Patroba alikuwa safu ya pili akiwa na vijana wake. Alipoingia alinitafuta kwa macho akanipata. Aliniinamishia kichwa kidogo, nikamshika mama mkono. Mama alidhani ni furaha akanibana vidole.

Baada ya mahubiri Mchungaji Osundwa alifungua daftari la matangazo.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisoma. "Patroba Osundwa, mwana wa kanisa hili, na Jescah Awinja, wa Shianda, wanakusudia kufunga ndoa takatifu. Kama yuko anayejua sababu ya kuzuia ndoa hii, na aseme sasa."

Mara mbili za kwanza alikuwa amehesabu pumzi tatu kisha akafunga daftari. Nilimtazama Patroba. Pumzi ya kwanza, alishika ukingo wa benchi lililokuwa mbele yake. Pumzi ya pili, niliona mabega yake yakipanda, kama mtu anayetaka kuinuka, na nikamwambia ndani yangu, inuka, mpenzi wangu, inuka, sitakuomba kitu kingine maisha yangu yote. Mabega yakashuka. Akafungua kitabu cha nyimbo.

Nilisimama mimi.

Sikumbuki kama niliamua. Nakumbuka mama akinivuta sketi, akifikiri nimekosea wakati wa wimbo. Nakumbuka mabenchi yakilia watu walipogeuka.

"Mimi ninayo sababu, Mchungaji," nilisema.

Kinywa cha Mchungaji kilibaki wazi. Katika miaka yake yote madhabahuni pale hakuwahi kuona bibi arusi akiizuia ndoa yake mwenyewe. "Binti yangu," alisema taratibu, "tunaweza kuzungumza ofisini."

"Ofisini tulizungumza Ijumaa. Mwanao alisema atanirekebisha nyumbani kwake. Mimi nimekuja kusema kwamba sitakwenda."

Patroba aliinua uso. Midomo yake ilicheza. Nilingoja. Hata wakati ule, mbele ya kanisa zima, kama angefungua kinywa nadhani ningekaa chini. Mchungaji alimgeukia mwanawe, nami nikaona kwamba mzee yule alikuwa ameanza kuelewa jambo, na kwamba naye alikuwa anangoja.

Patroba hakusema kitu.

Nilichukua mkoba wangu nikapita katikati ya mabenchi. Nilikuwa nimezoea kuingia kanisani humo kwa hofu ya kukwazika na viatu virefu. Siku ile nilitembea vizuri tu mpaka nje, kwenye jua, mpaka chini ya mkaratusi ulio mbele ya lango, na hapo nikasimama.

Nilisikia nyayo nyuma yangu. Sikutaka kugeuka, kwa kuwa sehemu moja yangu ilikuwa bado inaomba ziwe zake. Zilikuwa za mama. Alikuwa amekuja mbio, kitambaa cha zambarau kimelegea, Biblia yake na yangu ameziweka kwapani. Alinitazama uso mzima. Nilijua atauliza nimefanya nini, nikawa natafuta pa kuanzia: fukusi, ghala, bahasha, Mzee Khisa.

Hakuuliza hayo.

"Unampenda?" aliniuliza.

"Nampenda, Mama."

Alifunga kitambaa chake upya, akakikaza, akanishika mkono juu ya kiwiko kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto tukivuka mto.

"Basi lia tukitembea," alisema. "Hapa wanatuangalia."